Skrini Iliyopinda kwa Wachora Bodi za Saketi: Kinachopinda na Kisichopinda

Swali la kwanza la mchora bodi akitajiwa skrini iliyopinda huwa lilelile: je, njia zangu za shaba zinazopitisha umeme kwenye bodi zitaonekana zimepinda? Ni swali la haki. Mtu anayeshinda akinyoosha njia za shaba na kuzipanga sambamba kwa nafasi za sehemu ya kumi ya milimita hawezi kuwa na raha na kioo kitakachomwonyesha mstari ulionyooka ukiwa na tumbo. Na majibu anayopewa hayamtoshi. Mmoja atamwambia "utazoea tu", mwingine atamwambia skrini hizo ni za wacheza gemu, aachane nazo. Hakuna kati yao anayemwambia mstari utapinda kiasi gani, utapinda wapi, na kama jambo hilo lina madhara yoyote kwa bodi.

Haya yote yanahesabika. Jometri yake ni ya sekondari, na ukishaifanya hesabu mara moja unaona kwamba mpindo una nguvu ndogo kuliko unavyosifiwa na kuliko unavyoogopwa. Mpindo ni tiba ya upana. Skrini ikiwa pana mno kwa umbali unaokaa, mpindo unasaidia. Ikiwa si pana, haukupi kitu. Kinachoamua kama utaiona bodi yako vizuri ni idadi ya pikseli, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa huku macho yao yakiwa kwenye mpindo.

Namba yenye herufi R

Ukikuta 1800R kwenye maelezo ya skrini, maana yake uso wake ni kipande cha silinda yenye nusu kipenyo cha milimita 1800. Namba ikipungua, mpindo unazidi. Skrini ya 3800R unaweza kuidhania bapa ukiitazama haraka. Ya 1000R inakuzunguka waziwazi.

Namba hiyo peke yake haielezi mengi mpaka uiunganishe na upana. Skrini ya inchi 34 yenye umbo la 21:9 (upana kwa kimo) ina upana wa karibu milimita 800. Kwa 1800R, kingo zake za kushoto na kulia zinatangulia mbele ya katikati kwa milimita 44 hivi. Kwa 1000R zinatangulia kwa 79. Kwa 3800R ni 21 tu. Sasa chukua skrini ya kawaida ya inchi 27, yenye upana wa karibu milimita 600, uipe 1800R ileile: kingo zinatangulia kwa milimita 25. Na ile ndefu ya inchi 49, yenye umbo la 32:9 na upana wa karibu milimita 1200, kwa 1800R hutangulia kwa milimita 99. Mpindo uleule, matokeo tofauti kabisa. Ndiyo maana mtu aliyejaribu inchi 27 iliyopinda akasema hakuona tofauti, na mwingine aliyejaribu inchi 49 akasema hawezi tena kurudi kwenye bapa, wote wawili wanasema kweli.

Jambo la pili la kushika ni kwamba umbo hilo ni silinda, mithili ya kipande kilichokatwa ubavuni mwa pipa lililosimama. Linapinda kwa upande mmoja tu. Kutoka juu kwenda chini skrini imenyooka kama rula, kwa hiyo njia ya wima kwenye bodi yako itabaki imenyooka popote ilipo na popote utakapokaa. Nusu ya hofu inaishia hapo.

Mstari wa mlalo

Kwa mistari ya mlalo hali ni tofauti, na inategemea kimo cha jicho. Mstari ulio sawa kabisa na usawa wa jicho lako unaonekana umenyooka, hata skrini iwe imepinda vipi, kwa kuwa mstari wote na jicho viko kwenye bapa moja. Mstari ulio juu ya jicho, ncha zake zinaonekana kupanda. Ulio chini ya jicho, ncha zake zinaonekana kushuka. Sababu ni nyepesi: ncha ziko karibu nawe zaidi ya zingekuwa kwenye skrini bapa, na kitu kilicho karibu hukaa mbali zaidi na usawa wa jicho.

Tuweke namba. Umekaa milimita 650 kutoka katikati ya skrini ya inchi 34 ya 1800R, jicho likiwa usawa wa katikati. Mstari wa mlalo ulio chini kabisa ya skrini, uliovuka kutoka ukingo hadi ukingo, utaonekana kana kwamba ncha zake zimeshuka milimita 12 kuliko katikati yake. Kwa 1000R ni milimita 23. Hizo si namba za kupuuza. Mtu yeyote mwenye macho ataona. Ukiiweka skrini kama inavyoshauriwa na wataalamu wa ukaaji, yaani jicho liwe karibu na ukingo wa juu, basi mstari wa chini kabisa unakuwa mbali zaidi na jicho na kushuka kwake kunafika milimita 24 kwa 1800R.

Lakini hakuna anayechora njia ya shaba inayovuka skrini nzima chini kabisa huku akiitazama yote kwa pamoja. Kazi halisi ni hii: umekuza sehemu ya bodi, unatoa njia kwenye pini ya kidhibiti mpaka kwenye kapasita ya jirani, na macho yako yako kwenye eneo la sentimita chache. Basi tupime kipande cha milimita 100 katikati ya skrini hiyohiyo. Kwa 1800R, ncha za kipande hicho zinatangulia mbele kwa milimita 0.7 tu. Hata kikiwa sehemu ya chini kabisa, kushuka kunakoonekana kwa jicho ni milimita 0.18. Skrini ya inchi 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440 ina pikseli moja kila milimita 0.23. Kwa hiyo njia unayoichora, pale unapoitazama, inapinda kwa kiasi kisichofika pikseli moja. Jicho haliwezi kuliona hilo, na hata lingeweza, lingeshindwa kulitenganisha na vijingazi vya pikseli zenyewe.

Kwenye pembe za skrini mambo huzidi kidogo. Huko mstari wa mlalo unaonekana umeinama kwa nyuzi 3 hivi. Kinachokuokoa ni kwamba ukingo wa skrini umeinama hivyohivyo, na ubongo huuchukua ukingo kama kipimo chake. Tena pembeni ndiko zinakokaa orodha za matabaka, sifa za vijenzi na ujumbe wa makosa. Njia hazichorwi huko.

Njia za nyuzi 45, ambazo ndizo nyingi kwenye bodi, ziko katikati ya hali hizo mbili: zinapinda kidogo kuliko za mlalo. Sina zaidi la kusema juu yake.

Faili haijui kioo chako

Upande mwingine wa jibu ni kwamba hakuna programu ya kuchora bodi inayopima kwa jicho la mchoraji. Njia ni namba: inaanzia hapa, inaishia pale, upana wake ni huu, iko kwenye tabaka hili. Gridi inaikamata, kanuni ya nyuzi 45 inaikamata, na ukaguzi wa kanuni za usanifu unapima umbali kati ya shaba na shaba kwa hesabu. Kiwanda kinapokea faili hizo na kuchapa kilichoandikwa ndani yake.

Historia inalithibitisha hili vizuri. Protel, programu ya kuchora bodi iliyokuja kuwa Altium, ilianza Australia mwaka 1985. KiCad, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ilianzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992. Wachoraji wa miaka hiyo walikaa mbele ya skrini za mirija, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimebinuka kuelekea kwa mtazamaji, yaani kinyume cha skrini za leo, tena nyingi zilibinuka pande zote mbili. Mirija ya Trinitron ya Sony, iliyotoka mwaka 1968 na baadaye kupendwa sana na wachoraji wa kompyuta, sifa yake mojawapo ilikuwa kwamba kioo chake kilikuwa kipande cha silinda: kimenyooka wima, kimebinuka mlalo. Bodi zilizochorwa kwenye vioo hivyo zilitoka na njia zilizonyooka, na mitambo iliyojengwa kwazo ilifanya kazi.

Yapo mambo machache ambayo mchoraji huyapima kwa jicho kweli. Safu ya taa ndogo zinazopaswa kukaa kwenye mstari mmoja, maandishi meupe ya kutambulisha vijenzi, viunganishi vilivyopangwa ukingoni mwa bodi. Hapo tumia amri ya kusawazisha iliyomo kwenye programu, siyo jicho. Ushauri huu haubadiliki hata kwa skrini bapa: kwenye skrini yoyote jicho hudanganywa na gridi, na rangi, na uchovu.

Mpindo unasaidia nini, basi?

Wauzaji hutaja mambo mawili: fokasi na pembe. La kwanza ni dhaifu, la pili lina uzito, lakini tangazo huanza na lile dhaifu.

Dai la fokasi ni kwamba kwenye skrini bapa jicho linalazimika kujirekebisha kila linapotoka katikati kwenda ukingoni, kwa kuwa ukingo uko mbali zaidi. Ni kweli uko mbali zaidi. Kwa skrini bapa ya inchi 34 na umbali wa milimita 650, ukingo uko milimita 763 kutoka kwenye jicho. Mpindo wa 1800R unaushusha hadi 724. Lakini kwa kipimo cha macho, tofauti kati ya 650 na 763 ni robo ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), kiasi ambacho jicho la kawaida linakistahimili bila kujirekebisha kwa namna ya kuchosha. Kwa inchi 49 iliyo bapa hali ni nyingine: ukingo unafika milimita 885, na tofauti inakuwa dayopta 0.4. Hapo dai linaanza kuwa la kweli, hasa kwa mtu ambaye lenzi za macho yake zimekakamaa kwa umri na anatumia miwani iliyopimwa kwa umbali mmoja.

Pembe ndiyo hoja. Kwenye skrini bapa ya inchi 34, unatazama ukingo kwa mshazari wa nyuzi 32. Mpindo wa 1800R unaugeuza ukingo ukuelekee, na mshazari unashuka hadi 20. Wa 1000R unaushusha hadi 11. Kwa inchi 49 unatoka nyuzi 43 kwa bapa hadi 28 kwa 1800R. Hili lina maana kwa sababu skrini za kioo kioevu hubadilisha rangi na mwanga zikitazamwa kwa mshazari, na skrini nyingi zilizopinda sana zimetengenezwa kwa paneli za VA, aina mojawapo ya kioo kioevu, ambazo ndizo hubadilika zaidi. Kwenye VA rangi za giza hupauka unapozitazama pembeni.

Kwa mchora bodi, rangi ni taarifa. KiCad kwa kawaida hukupa shaba ya juu kwa nyekundu na shaba ya chini kwa buluu. Ukiwa na bodi ya matabaka 4 au 6 unaongeza rangi za ndani, na kila moja inapopita juu ya nyingine kwa uwazi nusu inazaa rangi ya tatu. Ikiwa upande wa kushoto wa skrini unaionyesha buluu tofauti na upande wa kulia, utaanza kusita: hii ni njia ya chini au ni ya tabaka la tatu? Utabofya ili kuhakikisha, na kubofya huko, mara mia kwa siku, ndiko kunakochosha. Kwa hiyo kwenye skrini pana ya VA mpindo unarekebisha kasoro ya paneli yenyewe. Kwenye paneli ya IPS, aina nyingine ya kioo kioevu, kasoro hiyo ni ndogo tangu mwanzo, ndiyo maana skrini pana za IPS huweza kupindwa kidogo tu, 1900R au 2300R au hata 3800R, zikabaki nzuri.

Lipo na dai la tatu, kwamba 1000R inalingana na jicho la binadamu. Silikubali. Anayekaa milimita 650 mbele ya skrini ya 1000R, kitovu cha silinda kiko milimita 350 nyuma ya macho yake. Akiwa mbele ya 1800R, kitovu kiko zaidi ya mita moja nyuma. Hakuna anayekaa kwenye kitovu, na kazi haikutaki ukae huko. Kwa kuchora bodi ningeiacha 1000R kwa sababu niliyokwisha kuionyesha: mistari ya juu na ya chini inapinda karibu maradufu kuliko kwa 1800R, na faida ya pembe baada ya hapo ni ndogo.

Kwa nini upana wenyewe

Kazi hii ina madirisha mengi yanayotaka kuonekana kwa wakati mmoja. Skimatiki, yaani mchoro wa saketi, upande mmoja, bodi upande mwingine, na programu inaviunganisha: ukibofya kipingamizi kwenye skimatiki, kinawaka kwenye bodi. Ukiwa na skrini moja nyembamba, unabofya, unabadilisha dirisha, unatafuta kilichowaka, unarudi. Halafu kuna datashiti (waraka wa maelezo) ya kidhibiti, kurasa mia na zaidi, ambayo unataka ukurasa wa pini uwe wazi muda wote. Halafu mwonekano wa 3D wa kuhakikisha kiunganishi hakigongani na kifuniko.

Wengi hulitatua hilo kwa skrini mbili za inchi 27, na ni suluhisho zuri. Angalia tu wanavyozipanga. Wanaziinamisha zitazamane kidogo, zifanye umbo la V. Huo ni mpindo waliouunda kwa mikono, kwa sababu ileile ya pembe. Skrini ya inchi 49 yenye pikseli 5120 kwa 1440 ni skrini mbili za inchi 27 zilizoungana bila fremu katikati. Fremu hiyo ina usumbufu wake: skrini mbili zikikaa sawasawa mbele yako, mshono unakuwa mbele ya pua, mahali ambapo bodi ingetaka kukaa. Kwa hiyo unaiweka moja mbele na nyingine pembeni, na shingo inageuka upande mmoja siku nzima. Skrini moja pana inakuruhusu kuiweka bodi katikati, skimatiki kushoto, sifa na datashiti kulia.

Gharama yake ni kwamba kompyuta inaiona kama skrini moja. Ukipanua dirisha, linajaa lote. Itakubidi utumie programu ya kugawa eneo, na uitumie kwa nidhamu, la sivyo utakuwa na dirisha moja kubwa lenye bodi katikati na giza tupu kila upande.

Pikseli za wima

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa kila anayenunua alihesabu kabla ya kutazama mpindo.

Chukua bodi ya milimita 100 kwa 80, njia zake zina upana wa milimita 0.15 na nafasi kati yake ni hiyohiyo. Unataka kuiona bodi nzima kwa wakati mmoja, maana hivyo ndivyo unavyotambua njia inayozunguka bila sababu au eneo la shaba la ardhi (ground) lililokatika. Bodi inabanwa na kimo, siyo upana. Kwenye skrini yenye pikseli 1440 za wima, ukitoa menyu, vibonye na mstari wa hali, zinabaki kama 1200. Ni pikseli 15 kwa kila milimita. Njia yako ya 0.15 inapata pikseli 2 na ushee, na nafasi baina ya njia pia 2 na ushee. Inaonekana, lakini ni ukingoni mwa kuonekana.

Fanya hivyohivyo kwa skrini yenye pikseli 1080 za wima: zinabaki labda 850, njia inapata pikseli 1.6. Hapo njia nane sambamba zinayeyuka kuwa doa moja jekundu. Kwa 2160 za wima zinabaki kama 1900, njia inapata pikseli 3.6, na sasa unaweza kuzihesabu bila kukuza. Hakuna mpindo utakaofidia tofauti hiyo.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Skrini pana za inchi 34 ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura: zenye pikseli 2560 kwa 1080, na zenye 3440 kwa 1440. Za kwanza zina pikseli 82 kwa inchi, za pili 110. Za inchi 49 nazo ziko za 3840 kwa 1080 na za 5120 kwa 1440, tofauti ikiwa ileile. Mbaya kuliko zote kwa kazi hii ni inchi 32 iliyopinda yenye pikseli 1920 kwa 1080: pikseli 70 kwa inchi, kila moja ikiwa na upana wa milimita 0.36. Kwa kutazama filamu kutoka kwenye kochi haina neno. Kwa pini zenye umbali wa milimita 0.5 ni mateso.

Kwa upande wa juu, skrini bapa ya inchi 32 yenye pikseli 3840 kwa 2160 ina pikseli karibu 140 kwa inchi, na nathubutu kusema kwamba kwa mtu anayechora bodi zilizobanana inashinda karibu kila skrini ya inchi 34 iliyopinda. Anapoteza upana kidogo, anapata nusu zaidi ya pikseli za wima. Anayetaka vyote viwili, zipo skrini zilizopinda za inchi 40 zenye 5120 kwa 2160, na hizo naziona ndizo zilizokaribia zaidi kile ambacho kazi hii inataka. Jihadhari na jambo moja: kwa pikseli 140 kwa inchi utahitaji kuongeza ukubwa wa maandishi na vibonye kwenye mfumo, na programu za zamani za kuchora bodi hulishughulikia hilo vibaya, vibonye vikabaki vidogo kama punje. Jaribu toleo unalolitumia kwanza.

Paneli za giza

Wachora bodi wengi hufanya kazi juu ya mandhari nyeusi. Hapo paneli ya VA ina sifa nzuri, kwani weusi wake ni mzito; uwiano wake wa mwanga kati ya nyeupe na nyeusi huwa karibu 3000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida iko karibu 1000 kwa 1. Lakini VA nyingi zina ugonjwa wa kuchelewa kubadilika kutoka giza kwenda rangi nyingine. Ukiiburuta bodi kwa haraka, njia za buluu juu ya nyeusi huacha mkia. Si jambo la kuharibu kazi, ila kwa anayeburuta na kukuza maelfu ya mara linachosha.

Skrini za OLED, ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, hazina mkia huo, na weusi wake ni kamili. Zina mawili ya kufikiria. Zile za aina ya QD-OLED zina vijipikseli vilivyopangwa kwa pembetatu, jambo linaloacha rangi hafifu ya kijani au zambarau kwenye kingo za maandishi madogo na mistari myembamba, na mistari myembamba ndiyo kazi yetu yote. La pili, vibonye na orodha za matabaka hukaa mahali palepale saa nane kwa siku, na OLED inaweza kuchoka kwa usawa tofauti mahali hapo mpaka alama ibaki. Mandhari ya giza na mwangaza wa wastani hupunguza hatari hiyo, hayaiondoi.

Kabla ya kulipa

Ukipata nafasi ya kuijaribu skrini, ijaribu kwa bodi yako mwenyewe iliyobanana kuliko zote. Kaa umbali unaokaa kweli. Tazama bodi nzima bila kukuza na ujaribu kuhesabu njia zilizopangwa sambamba. Buruta sehemu yenye buluu nyingi. Weka dirisha lenye rangi zako zote za matabaka katikati, halafu ulisogeze hadi ukingoni uone kama rangi zinabaki zilezile. Kisha tazama dirisha limekaa vipi kimo: eneo la kuchorea liwe karibu na usawa wa jicho, na ujumbe na orodha vishuke chini, kwani chini ndiko mistari inakopinda.

Pima na meza pia. Kingo za inchi 49 ya 1800R zinatangulia karibu milimita 100, na mguu wake unahitaji nafasi nyuma. Meza isiyo na nafasi ya kutosha kwenda nyuma itakulazimisha kuikaribia skrini zaidi ya ulivyokusudia, na hesabu zote za juu zinabadilika. Dirisha au taa iliyo nyuma yako ni shida zaidi kwa uso uliobonyea, kwa sababu unakusanya mng'ao kutoka eneo pana na kuutandaza juu ya mandhari yako nyeusi.

La mwisho ni kwa wanaofanya kazi na wenzao. Skrini iliyopinda imetengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa katikati. Mhandisi mwenzako akisimama begani mwako kukagua bodi, ukingo ulio upande wake unakuwa umempa mgongo, na kwake mistari inapinda kuliko kwako. Kwenye mikutano ya video, ukiwaonyesha wenzako skrini yote ya 32:9, wao wanapata ukanda mwembamba ambao njia zake hazisomeki. Washirikishe dirisha moja la bodi, siyo skrini nzima. Penye ukaguzi wa mara kwa mara wa watu wawili au watatu, ni vyema kuwe na skrini moja bapa pembeni kwa ajili hiyo, hata kama mchoraji mwenyewe anafanyia kazi kwenye iliyopinda.